Unyuzi wa Bi Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Wewe mwenye nyama kwenye meno, itika vizuri! Paukwa!

Pakawaaa!

Basi, hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakila bila kufuta midomo, paliondokea Bi Fisi. Alikuwa na watoto watatu, walafi wote. Yeye ndiye aliyewavunjia mifupa, kwah! kwah! wapate kulamba uboho wa ndani.

Siku moja akauma paja la nyati. "Uuuwi!" Nyama ya juzi ilikuwa imenasa kati ya meno. Imeoza, ufizi umevimba. Mfupa ukabaki mzima. Watoto wakalala na njaa.

Akamkimbilia jirani yake, Bi Kindi. "Shoga, nakufa!"

"Hufi. Hebu fungua kinywa. Lo! Umefuga nini humu?" Bi Kindi akampa unyuzi mwembamba wa mkonge. "Pitisha kati ya meno, polepole. Kila siku."

Kila siku! Bi Fisi na subira wapi na wapi? Akayapitia yote siku ileile, kwa pupa, fyu-fyu-fyu! Damu ikamtoka. Akauficha unyuzi chini ya jiwe, huko nyuma ya pango. Kesho yake akausahau. Keshokutwa akaukumbuka, akaona uvivu. Siku ya nne, "Uuuwi!" Watoto wanalia, mama analia.

Bi Kindi akaja mbio. "Unyuzi uko wapi?"

"Chini ya jiwe."

"Na maji unakunywa wapi?"

"Bwawani, kila jioni nikishakula. Hata mvua inyeshe, naenda."

"Haya, twende!" Bi Kindi akatundika nyuzi mpya kwenye mwiba, palepale bwawani, mbele ya pua ya Bi Fisi. "Ukishakunywa tu, jino moja."

"Moja? Na haya mengine?"

"Moja, shoga yangu. Ukitaka kuongeza, shauri yako."

Jioni akanywa, gubi gubi gubi. Akainua kichwa. Unyuzi huo! Akapitisha kwenye jino moja, fyuu. Kumbe kwisha!

Semeni nami, watoto! Kesho yake: gubi gubi gubi... fyuu! Keshokutwa: gubi gubi gubi... fyuu, fyuu! Lo, mbona amefanya mawili? Mwezi ulipoandama, alikuwa akiyapitia yote bila kuambiwa. Damu hakuna, uvimbe hakuna.

Na lile paja la nyati? Lilikuwa bado pale! Watoto wakalizunguka. "Mama, jaribu."

Aliogopa, nawaambia kweli. Akafumba macho. Akauma.

KWAAAH! Vipande viwili! Watoto wakarukia uboho, hakuna aliyekumbuka hata kusema asante. Bi Fisi akacheka mpaka Bi Kindi, aliyekuwa akichungulia kutoka juu ya mti, akaanguka.

Walipomaliza, yule mdogo kabisa akainuka. "Mama, Bi Kindi kasema jino moja. Mimi ninalo hilohilo moja!" Akatimka bwawani, akawa wa kwanza kufika.

Basi jueni hivi: jambo la kila siku lianze dogo, na liwekwe pale unapopita kila siku.

Hadithi yangu imeishia hapo, bwawani. Haya, mwenye nyama kwenye meno, inuka! Uzi nimeutundika pale juu ya mtungi wa maji. Jino moja tu!