Mgongo wa Aliyelala Machela

"Aliyeshika usukani hajui mgongo wa aliyelala." Mmeyasikia maneno hayo leo, vijana, mkauliza ni nani aliyeyatunga. Hayakutungwa, yalilipiwa. Methali hii ilianza hivi.

Katika hospitali ya misheni ya Kivumbwe, juu milimani Upareni, kila mtu aliijua sheria moja: dereva akimtikisa mgonjwa, siku hiyohiyo atalazwa machela na kuteremshwa kwa njia ileile. Aliyeiweka ni Bibi Elimina alipokuwa muuguzi mkuu, na hakuna aliyeipinga.

Kisha likaja gari jipya la wagonjwa. Mlima lilipanda kama mbuzi. Lakini katika kona tisa za mteremko, ambapo gari huenda mwendo wa mtu anayetembea, lilishtukashtuka. Yafeti Mbwambo, aliyekuwa dereva pale kwa miaka ishirini bila lawama, alilazwa machela mara tatu mwaka ule. Watu walisema mguu wake umezeeka.

Ndipo Bibi Elimina mwenyewe, aliyekwisha kustaafu, alipoanguka akavunjika nyonga. Ilibidi apelekwe bondeni kupasuliwa. Walipofika kona ya pili alilia kwa maumivu hata Yafeti akamrudisha. Daktari alionya kwamba nyonga ile haitangoja zaidi ya siku mbili. Bibi akajibu kwamba ni heri afe kitandani kuliko kuteremshwa tena hivyo.

Akaitwa fundi Nakijwa, binti wa kijijini aliyejifunza mjini kazi ya kompyuta za injini. Alichomeka kompyuta yake ndogo, akalisoma gari, na mara akaujua ugonjwa. Kompyuta ya injini ilikuwa imepangwa kwa barabara ndefu zilizonyooka: dereva akiinua mguu, ilikata petroli ghafla, akikanyaga kidogo, iliirudisha kwa kishindo. Nakijwa akaipanga upya, akaendesha mwenyewe kona zote tisa, akarudi na kuanza kufunga mkoba wake.

Yafeti akaushika mkoba ule.

"Umelipima ukiwa umeketi, mwanangu."

"Ulitaka nilipime nikiwa nimesimama, baba?"

"Ukiwa umelala. Mimi nimelala pale mara tatu. Wewe mguu wako ndio unaoinuka, basi mwili wako huonywa mapema. Aliyelala haonywi na mtu."

Nakijwa alitaka kumwambia kwamba kompyuta haina haja ya mgongo. Lakini alikumbuka kuwa mzee huyu alikuwa ameadhibiwa kwa kosa la mashine. Akapanda, akalala machela, akafungwa mikanda, kompyuta yake ubavuni, naye Yafeti akashika usukani.

Kona ya kwanza ilimfundisha. Mshtuko ambao kwenye usukani ulikuwa mdogo kama kikohozi ulimpiga kiunoni kama teke la punda. Gari likasimamishwa; akaifanya kompyuta ichelewe kukata petroli, na kuirudisha kidogokidogo. Walishuka na kupanda hadi jua likainama, na kila safari mgongo ulimwonyesha kosa ambalo mikono yake haikuliona. Safari ya saba, aliuliza kona ya mwisho iko wapi. Yafeti akamjibu kwamba wameipita zamani.

Kesho yake Bibi Elimina aliteremshwa. Katika kona ya pili Yafeti alingoja kilio, hakikuja. Walipofika bondeni, bibi alimshika mkono.

"Mbwambo, sheria yangu ilikulaza mara tatu bure."

"Sheria ni sheria, mama."

"Ndiyo. Basi nikiweza kusimama, nina deni lako."

Yafeti alidhani ni maneno ya mgonjwa. Lakini miezi mitano baadaye bibi alifika hospitalini akitembea kwa mkongojo, akalala juu ya machela, akaagiza ateremshwe. Yafeti alimsihi aache. Bibi akamwuliza kama sheria ile ilikuwa ya madereva peke yao. Basi Yafeti akamteremsha na kumpandisha, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kona tisa kila mara.

Aliposhuka mara ya mwisho alimpa Yafeti mkono, akamwagiza ampelekee Nakijwa shukrani zake, kwa kuwa yeye alikubali kulala mahali ambapo wakubwa hawakulala. Kisha akasema, mbele ya wauguzi wote, maneno mliyoyasikia leo:

"Aliyeshika usukani hajui mgongo wa aliyelala."