Kipofu Kwake Hajikwai

Kipofu kwake hajikwai. Mmelisikia neno hilo asubuhi, mkatazamana, kisha mmoja wenu akauliza kipofu gani tena huyo, na anahusikaje na kompyuta zenu. Haya, kaeni. Wekeni simu chini, maana mimi sirudii. Watu hudhani kila methali wameachiwa na mababu waliokufa zamani. Hii haina hata miaka kumi na tano, na baadhi ya waliokuwepo bado wanakula ugali. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na fundi wa kurasa za tovuti pale Songea, jina lake Gaudensi Ndunguru, mtoto wa Umatengoni, kule kwenye milima ya kahawa. Alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, na ndani walikuwa wawili tu: yeye, na Kandida Komba, dada aliyepokea simu za wateja na kumsaidia kujaribu kazi kabla haijatoka.

Mwaka huo madaktari wa macho walikuwa wanatafuta mahali pa kuweka kambi ya wiki mbili, wapasue mtoto wa jicho bila malipo. Walikuwa na gari moja na wilaya mbili za kuchagua. Wakasema, watu wajiandikishe wenyewe kwa simu, siku saba. Majina yakifika mia mbili, tunakuja kwenu. Yasipofika, tunakwenda kwa wenzenu. Kazi ya kutengeneza ukurasa wa kujiandikisha ikaangukia kwa Gaudensi, naye akaifurahia kuliko kazi yoyote aliyowahi kupewa. Mama yake mzazi, Mama Eustokia, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mwaka ule hata mtu aliyesimama mbele yake alimjua kwa sauti.

Sasa nyinyi mnajua, lakini nitaeleza kwa ajili ya huyu aliyeanza juzi. Fundi hatengenezi ukurasa hadharani. Anautengeneza mezani kwake: kompyuta yake inajifanya seva, ile mashine inayotunza kurasa na kuwagawia watu, ukurasa unafunguka humo humo, yeye anaujaribu kipande kimoja kimoja. Gaudensi alijaribu kipande cha jina, kikakubali. Cha umri, kikakubali, hata kilikataa mtu kuandika miaka mia tatu. Kipande cha kijiji ndicho alichokipenda zaidi. Ukikigusa, inashuka orodha ya vijiji vyote vya wilaya, unachagua chako, na hapo ndipo kitufe cha kutuma kinapoamka. Usipochagua kijiji, kitufe kimelala, ukibonyeze mpaka kidole kiote sugu.

Orodha hiyo ya vijiji ilikuwa inachotwa kutoka kwenye kompyuta ya Gaudensi mwenyewe, kwa ajili ya majaribio tu. Siku ya kuuachia ukurasa, mstari mmoja wa anwani ulitakiwa ubadilishwe, uelekee kwenye seva kubwa inayofikiwa na watu wote. Haukubadilishwa. Kusahau ni kwa binadamu, simlaumu kwa hilo. Ninapomlaumu ni hapa.

Desturi ya maofisi mnaijua, na nyinyi hapa mnaifanya kila siku. Mtu akivuka kizingiti tu anazima data, anaingia kwenye waifai ya ofisi, bando lake analitunza kwa ajili ya jioni. Kwa hiyo kila simu iliyokuwa ndani ya chumba kile ilikuwa kwenye mtandao mmoja na kompyuta ya Gaudensi, na ilichota ile orodha bila taabu. Walijaribu simu sita, mpya na kuukuu, zote zikafungua.

Kandida akasema, "Kaka Gaude, tuzime waifai tujaribu kwa bando, kama watakavyofanya huko vijijini."

"Bando langu ni la wiki nzima, Kandi. Kwani waifai si mtandao?"

"Ni mtandao wetu."

"Basi inafunguka. Nichapie barua ya madaktari."

Barua ikachapwa, akaitia sahihi kwa mkono wake: ukurasa umejaribiwa kwa simu sita, unafunguka kwa kila mtu. Ukurasa ukaachiwa Jumatatu.

Siku ya pili simu za malalamiko zikaanza. Orodha haishuki. Kiduara kinazunguka tu. Kandida akafungua kwa simu yake pale mezani, orodha ikashuka. Gaudensi akafungua kwa kompyuta, ikashuka. "Waambie watafute mahali penye mtandao," akasema. "Hapa inafunguka." Kandida akawaambia, mmoja baada ya mwingine, huku yeye mwenyewe roho haijatulia. Waliofika mlangoni kwa miguu yao hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Aliwajazia kwa simu yake. Gaudensi alipoona hivyo alinuna. Alisema ukurasa umetengenezwa watu wajiandikishe wenyewe, wakizoea kuja kujaziwa, kazi yake yote imekuwa ya bure.

Siku ya tatu mama yake akapiga. Hakuwa na simu ya kugusa, alipiga kwa simu ya Katekista Hyera, jirani yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili dubwasha lenu linatukatalia. Katekista anasema tukifika kwenye kijiji, linazunguka kama punda wa kukamua mafuta."

"Ni mtandao wa huko, mama. Huku kwangu inafunguka."

"Ahaa. Basi kama kwako inafunguka, si uniandike wewe huko huko? Jina langu unalijua, kijiji unakijua."

Mnaona? Mlango ulikuwa hapo, wazi, na mama ameuonyesha kwa kidole. Dakika mbili tu. Gaudensi akasita, kisha akasema, "Nikikuandika mimi watasema fundi kaanza na mama yake. Jiandikisheni kama wengine, mama. Mwambie katekista apande kule juu penye mnara."

"Haya," mama akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Msidhani Gaudensi alikuwa mtoto asiyempenda mama yake. Alimpenda, na ndiyo maana habari hii inauma. Aliupenda pia ukurasa wake, na alitaka siku kambi itakapofika watu waseme imekuja kwa kazi safi, bila upendeleo. Kiburi cha aina hiyo kinavaa nguo za uadilifu, hukitambui hata ukikaa nacho meza moja.

Kesho yake walipanda mlimani. Walikuwa wazee kumi na tisa, wanaoona kidogo wamewashika mkono wasioona kabisa, katekista mbele na simu yake. Mnajua ukungu wa kule Juni. Walikaa juu kuanzia asubuhi, kwenye manyunyu, kila mmoja akitaja jina lake na umri wake, katekista akiandika, kisha wanafika kwenye kijiji na kiduara kinazunguka. Mtandao ulikuwa umejaa mpaka juu, katekista aliwahesabia vile vijiti. Wakajaribu mpaka simu ikazima. Wakashuka walivyopanda. Mama Eustokia alishikwa na kikohozi kilichomlaza siku mbili, wala hakumpigia mwanawe tena. Alisema mtoto ana kazi nyingi, tusimsumbue.

Jumapili siku saba zikaisha. Jumatatu asubuhi Gaudensi akafunga kompyuta yake, akaitia kwenye begi aende kwa madaktari, kwa Daktari Mbilinyi aliyekuwa akisimamia kambi. Kwa mara ya kwanza tangu ukurasa uachiwe, kompyuta ile ilikuwa imefungwa mchana. Kandida alikuwa mlangoni na mzee mmoja aliyechelewa, anamwonyesha ukurasa kwa simu yake ili aone siku zimekwisha kweli.

"Kaka Gaude, umefanya nini? Orodha imepotea."

"Funga ufungue tena."

"Nimefunga. Kinazunguka."

Gaudensi akarudi mezani, akaifungua kompyuta. Simu ya Kandida ikaleta orodha. Akaifunga. Orodha ikapotea. Akafungua, akafunga, mara tatu, mzee wa watu akiwatazama asielewe wanacheza mchezo gani. Kisha Gaudensi akakaa kwenye kiti na begi likiwa bado begani.

"Ilikuwa inafunguka humu ndani tu," Kandida akasema taratibu. "Siku zote saba."

Alirekebisha ule mstari kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Kisha akampigia daktari.

"Daktari, naomba siku mbili zaidi. Watu walikuwa hawawezi kujiandikisha. Kosa ni letu."

"Ndugu Ndunguru, gari limeondoka alfajiri. Limekwenda wilaya ya wenzenu."

"Tuna watu wengi sana, Daktari. Nakuapia."

"Nina majina kumi na moja hapa. Wenzangu walishangaa, wakasema labda ukurasa una kasoro. Mimi ndiye niliyewatolea barua yako. Umeandika unafunguka kwa kila mtu, na sahihi ni yako. Nikawaambia basi watu wa huko hawana shida kubwa ya macho."

Wale kumi na mmoja, nadhani mmeshajua, ni wale aliowajazia Kandida mlangoni.

Jumamosi Gaudensi akaenda nyumbani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalimkataa. Alifika akamkuta mama yake jikoni peke yake. Akasimama mlangoni asibishe hodi, akamtazama. Mama alinyanyua sufuria motoni kwa kitambaa, akaipeleka mezani, akachukua vikombe viwili kutoka kwenye kabati, akamimina chai bila kumwaga tone. Akaenda kwenye kona ya sukari, akarudi, akaruka kigoda kilichokuwa njiani kana kwamba anakiona.

Kitu kikamlegea Gaudensi kifuani. Kumbe hali si mbaya hivyo, akajisemea. Kumbe bado anaona. Akaingia, akasalimia, na neno la kwanza lililomtoka baada ya salamu likawa hilo: "Mama, mbona unaona vizuri tu?"

Mama Eustokia akaweka sukari mezani. "Nipe mkono," akasema. "Au hapana, usinipe. Nifuate."

Akatoka nje. Uani alipita sawasawa, akauzunguka mti wa mparachichi, akafika ukomo wa uwanja wake. Akavuka kwenda upande wa shamba la katekista, lililolimwa mashimo ya ngoro kama wanavyolima Wamatengo. Hatua ya tatu mguu ukakosa ukingo, akaanguka ndani ya shimo kwa magoti na viganja. Gaudensi akakimbia kumwinua. Tope lilikuwa usoni mwake mpaka kwenye nyusi.

"Unaona sasa?" mama akasema, akijipangusa. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Kipofu kwake hajikwai, Gaude. Kule ndani nimeishi miaka arobaini, mikono yangu inajua kila kitu kilipo. Ukitaka kujua kama naona, nitoe nje."

Gaudensi akamwambia yote, amesimama palepale shimoni. Ule mstari, waifai, ile barua, lile gari. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza swali lolote kuhusu kompyuta. Aliuliza moja tu: "Siku ile nilipokuomba uniandike, kwako ilikuwa inafunguka kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeandika, ningekuwamo."

"Lingeongezeka jina lako tu, mama. Gari lisingekuja kwa ajili ya kumi na wawili."

Alijibu hivyo, na hesabu yake ilikuwa sahihi, nami mpaka leo sijui kwa nini alidhani jibu lile lingemsaidia mtu. Mama akaitikia kwa kichwa, akamwomba amrudishe ndani chai isipoe.

Ilimchukua Gaudensi miezi tisa kumpeleka kwenye hospitali kubwa ya mbali. Daktari akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akazima tochi. Mtoto wa jicho alikuwa ameiva kupita kiasi, akasema, presha imepanda ndani, mshipa wa kuonea umekufa. Angeletwa mwaka uliopita, tungekuwa na mazungumzo mengine. Wale kumi na wanane wengine waliopanda naye mlimani hawakupelekwa popote, hawakuwa na mtoto mjini.

Mama Eustokia aliishi miaka sita baada ya hapo, na katika miaka hiyo hakumlaumu mwanawe hata mara moja mbele za watu. Lakini wageni walikuwa wakija, kama wageni wanavyokuja, wakamwona anavyojiendea humo ndani, anapakua, anakaribisha, anatandika mkeka, wakashangaa na kumsifu: mama, jamani, wewe unaona kuliko sisi wenye macho. Naye, huku Gaudensi ameketi palepale na kikombe mkononi, anawajibu kwa upole ule ule, anageuza uso upande aliko mwanawe.

"Kipofu kwake hajikwai."