Kiko cha Bi Kalunde

Tajiri Mihambo alikuwa na kabati zima la viko vya kale, na bado hakutosheka. Siku moja aliingia uani kwa Bi Kalunde, akakitwaa kiko alichoachiwa na marehemu mumewe.

"Hiki ni cha babu yangu. Nakichukua."

"Umekijuaje, Bwana?"

"Kiko cha kale nakitambua kwa ladha." Akakitia mdomoni, akafumba macho. "Naam! Tumbaku ya babu!"

"Hebu nyonya tena, usije ukakosea."

Akanyonya mpaka mashavu yakabonyea. "Ndicho chenyewe!"

"Basi kichukue. Nitatafuta kingine cha kumpulizia mbuzi wangu dawa kwa nyuma, akifunga choo."

Mihambo akakitupa, akatoka mbio akitema mate njia nzima.

Bi Kalunde akakiokota, akakijaza tumbaku, akavuta taratibu. Maishani mwake hakuwahi kufuga mbuzi.