Kwa Nini Hondohondo Humwacha Mkewe Ndani ya Nyumba Isiyo na Mlango

Sogeeni. Nyinyi mliokwisha kujenga mtanielewa leo, na nyinyi ambao bado mtanikumbuka siku mtakayomwita fundi wa kwanza. Zamani zile hapakuwa na ndege aliyejijengea nyumba mwenyewe, hata mmoja. Aliyetaka kujenga alikwenda kuwaita mafundi, akarudi kwake kungoja, akaambiwa kesho, kama mnavyoambiwa nyinyi.

Mafundi wenyewe walijulikana msitu mzima. Kigogota alikuwa seremala: mlango, fremu, kizingiti, chochote cha mbao kilikuwa chake. Mbayuwayu alikuwa mwashi, na lipu yake ilikuwa laini hata sisimizi waliteleza wakipanda. Juu ya hao wawili alikuwapo Kinyonga. Huyu hakuwa na patasi wala mwiko, kwa kuwa alikuwa msimamizi. Jicho moja lilimtazama seremala na jingine likamtazama mwashi, na alipotaka kujua kama ukuta umesimama wima, aliuning'iniza mkia wake ukawa timazi. Neno alilolitamka mara nyingi kuliko yote lilikuwa "Bado."

Hondohondo hakuliweza neno hilo. Alikuwa ndege wa vishindo, anayetua kwenye tawi na kuruka kabla tawi halijaacha kuyumba. Lakini msimcheke mapema, alikuwa na sababu. Msimu uliotangulia mkewe, Bi Hondo, alitaga mayai mawili kwenye panda ya mti, mahali pa wazi, kama walivyotaga hondohondo wote wa enzi hizo. Walikwenda kula kuyu, na waliporudi walikuta majani makavu na alama ya tumbo lililojiburuta. Nyoka alikuwa amepita. Bi Hondo hakulia. Alisema tu, "Sitagi tena mahali anapoweza kupita," na tangu hapo akawa hasinzii vizuri.

Sasa mayai yalikuwa tumboni tena, na mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya nyuma ya mlima. Hondohondo akatafuta mpaka akapata pango zuri katika shina la mvule mkubwa, lenye mdomo mpana. Akaenda mbio kuita mafundi.

Kinyonga alikuja siku ya pili, akalizunguka pango kutwa nzima.

"Mahali pamekaa vizuri," akasema hatimaye. "Kigogota ataanza. Atasimamisha fremu na kuning'iniza mlango. Mbao zikishatulia, Mbayuwayu atapiga lipu kuifuata fremu. Ndipo Bi Hondo ataingia."

"Siku ngapi?"

"Bado sijajua."

Basi Kigogota alikuwa na kazi nyingine ng'ambo ya bonde, kwa Bundi, na aliahidi kuja kesho. Kesho ilipofika akaahidi kesho. Fundi ni fundi, hata awe na manyoya. Hondohondo akavuka bonde kwenda kumhimiza, akarudi, akavuka tena. Akitua hakai, akikaa hatulii. Kila asubuhi Bi Hondo aliyatazama mawingu bila kuuliza kitu, na kule kutouliza kwake ndiko kulikomchoma mumewe kuliko maneno.

Siku ya tano akamgeukia Mbayuwayu. "Wewe si upo? Udongo si upo? Anza!"

"Nianzie wapi, bwana? Lipu huishia kwenye fremu. Fremu haipo, nitajuaje pa kukomea?"

"Komea utakapoona panafaa."

Mbayuwayu akamtazama Kinyonga. Kinyonga akasema, "Bado."

Hapo Hondohondo akapasuka. "Hebu niambie, kazi yako hasa ni nini? Seremala namjua, mwashi namjua. Wewe unakula panzi wangu kila asubuhi, unakaa tawini kuzungusha macho! Hata msumari mmoja hujagonga. Ondoka kiwanjani kwangu!"

Kinyonga alibadilika rangi kidogo, na rangi zake nani azijuaye? Akaanza kushuka, na kushuka kwenyewe kulichukua muda mrefu hata ugomvi ukapoa njiani. Mbayuwayu akakusanya vitu vyake akamfuata, maana mwashi mwenye adabu hagusi ukuta ambao msimamizi hajauruhusu.

"Nendeni!" Hondohondo akapiga kelele. "Udongo ni udongo tu!"

Akauponda udongo kwa kuyu zilizoiva, akaongeza utomvu ili ushike. Mdomo wake mkubwa ulifaa kuliko mwiko wowote. Bi Hondo akaingia pangoni kulainisha kwa upande wa ndani, na kazi ikaenda vizuri ajabu. Kwa mara ya kwanza tangu mayai yale yaibwe, Hondohondo alijisikia ametulia. Alikuwa anafanya kitu. Hakuwa anangoja mtu.

Tundu lilipobaki dogo, Bi Hondo akauliza kutoka ndani, "Mume wangu, mlango je?"

"Tutaukata baadaye. Tuzibe kwanza, nyoka hangoji seremala. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta."

Wahenga walisema kweli, lakini hawakuwa wakizungumza na mtu anayempigia lipu mkewe akiwa ndani. Hondohondo akaziba, akaziba, mpaka ukabaki ufa mmoja mwembamba na udongo ukamwishia. Akaruka kwenda mtoni kuchukua mwingine. Huku nyuma jua likatoka kali kati ya mawingu mawili, likaupiga ukuta ule wa utomvu. Aliporudi ulikuwa umekauka kama jiwe. Udongo mpya alioubandika kwenye ufa ukaanguka, akaubandika tena, ukaanguka tena. Ufa ule ulimshinda.

"Haidhuru," akasema. "Sasa nakata mlango."

Akagonga kwa mdomo, mdomo ukateleza. Akarudi nyuma, akajirusha kwa nguvu zote, na mti mzima ukatetemeka.

"Umefika wapi?" akauliza Bi Hondo.

"Niko hapahapa. Subiri."

Akagonga tena, na tena, akihema, mpaka sauti ya mkewe ikatoka ndani kwa ukali ambao hakuwahi kuusikia. "Acha! Usigonge tena. Nimeshataga."

Hondohondo akabaki ameng'ang'ania gome la mti. Aliogopa kupumua. Ni wakati huohuo Kigogota alipotokea na fremu mgongoni, akipiga mluzi.

"Niwie radhi kwa kuchelewa, bwana. Fremu ya mninga hii hapa. Niiweke wapi?"

Kigogota akautazama ukuta, akaweka sikio, akagonga kidogo kwa ncha ya mdomo na mluzi ukamwisha. "Kuubomoa naweza," akasema taratibu. "Lakini umeshikana na mti. Nikipiga huku, mayai yanapasuka kule." Matone ya kwanza ya masika yakaanza kuanguka juu ya fremu.

Hondohondo akaruka kumtafuta Kinyonga. Hakwenda mbali, kwa kuwa Kinyonga alikuwa bado hajafika hata mti wa jirani. "Rudi, nakuomba," akasema. "Niliyosema niliyasema kwa moto wa moyo. Mke wangu yumo ndani, na nimemfunga mimi."

Alimbeba mgongoni. Kinyonga akautazama ufa kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akamtazama Hondohondo, aliyekuwa amelowa chepechepe.

"Mdomo wa mkeo unapita hapa?"

Kabla hajajibu, ncha ya mdomo wa Bi Hondo ikajitokeza ufani.

"Mshukuru Mungu hukuwa fundi kamili," akasema Kinyonga. "Ungeuziba na huu, angekufa. Seremala hana kazi hapa sasa, wala mwashi. Iliyobaki ni ya kubeba chakula, nayo ni yako."

"Mpaka lini?"

"Bado."

Basi akabeba. Alileta kuyu, alileta panzi, akaona kama amechelewa hata pale alipowahi. Alipokuwa mbali aliuwaza ufa, na alipokuwa ufani aliliwaza tunda linalofuata. Siku moja ya mvua kubwa nyoka alipanda mvule, akautafuta mlango, akazunguka shina lote asiuone. Aliupata ufa, akachungulia. Bi Hondo akamchoma puani, nyoka akashuka alivyopanda. Siku chache baadaye Hondohondo alileta kuyu na kusikia sauti mbili ndogo zikiigombania. Alilia, ndege mzima, mbele ya Kigogota aliyekuwa akipita.

Makinda yalipokua, Bi Hondo aliuvunja ukuta mwenyewe, polepole, kwa upande wa ndani. Alitoka mnene, manyoya ya mbawa yamemnyonyoka kwa kukaa. Hondohondo alikuwa amekonda mpaka mifupa inahesabika, akainamisha kichwa kungoja matusi. Mkewe alimtazama, kisha akaenda kunywa maji.

Msimu uliofuata Kigogota alifika mapema, mara ya kwanza maishani mwake, na fremu ileile. Bi Hondo aliipita, akaingia pangoni, akageuka.

"Lete udongo," akamwambia mumewe.

"Mlango je?" Hondohondo aliuliza.

"Ukuta ni kazi yangu. Najua pa kukomea. Wewe kazi yako ni kubeba."

Na tangu siku hiyo Bi Hondo hujiziba mwenyewe kwa ndani, akiacha ufa mmoja. Kigogota hugonga mti hadi mti, akitafuta pa kuweka fremu yake. Kwetu sisi, mwashi hapigi lipu mpaka seremala amemaliza, na msimamizi asiyeshika chombo chochote haulizwi kazi yake ni nini. Lakini Hondohondo dume ndiye asiyetulia. Mtamsikia tangu alfajiri akivuka bonde kwa kelele, akienda na kurudi. Mara nyingi huwa na tunda mdomoni. Mara nyingine huja bila kitu, kuangalia tu kama ufa ungalipo.