Nyumba ya Sultani Siku ya Mvua

Palikuwa na Sultani aliyesafiri mikono mitupu. Iwe masika, iwe radi zinapasua minazi, yeye hakubeba mwavuli, hakubeba turubai, hakubeba hata mkate mkavu wa njiani. Jina lake Hamdun, na kauli yake ilikuwa moja: "Sultani hajiandai. Huandaliwa." Wakuu wa baraza waliyaita maneno hayo hekima. Mimi nayaita uvivu uliovaa kilemba.

Basi akapiga mbiu ya mgambo: mvua ikimkuta Sultani njiani, nyumba iliyo karibu naye ni nyumba ya Sultani mpaka mvua ianuke. Waliomo watoke. Vilivyomo vibaki.

Mbiu ile iliwafundisha watu maarifa ya ajabu. Kwingine masika yakikaribia watu huziba paa. Watu wa Kisimakuu, mji wa Sultani huyo, walitoboa. Mtu alipanda juu, akachagua mahali hasa juu ya kitanda chake mwenyewe, akang'oa kuti, akashuka akijipongeza. Kuni waliziacha uani zilowane. Vyungu waliviacha vitupu. Kisha kila mmoja akamwomba Mungu Sultani aione nyumba ya jirani kuwa nzuri zaidi. Nani ajiandae, na kujiandaa kumekuwa kumwandalia mwingine?

Isipokuwa Bi. Mwanakheri. Huyu alikuwa mjane, muuza bagia wa njia panda, na ulimi wake uliweza kukuna nazi bila ya mbuzi. Yeye alichimba mfereji kuizunguka nyumba. Akalifunga paa kwa kamba za makumbi. Kuni akazipandisha darini, unga akautia kwenye mtungi wenye kifuniko, taa akaijaza mafuta mpaka shingoni.

"Shoga," jirani akamcheka, "yote hayo wamwandalia Sultani?"

"Namwandalia mjukuu," akajibu.

Maana binti yake, Salha, alikuwa ndani kajifungua, na mtoto hata kitovu hakijadondoka.

Haya. Siku moja Sultani anarudi harusini, tumbo limejaa biriani, mbingu zikafunguka. Haikuwa mvua, ilikuwa ugomvi. Kilemba cha Sultani kikafumuka, kikamzunguka magoti. Mpiga siwa akapuliza kuonya watu; yakatoka maji, sauti haikutoka. Na nyumba ya karibu, bila shaka, ilikuwa ile ya njia panda.

"Fungua!" akapaza sauti Waziri Shekue, kajifunika sinia la shaba kichwani.

"Nani huyo anagonga kama kafukuzwa na nyuki?"

"Ni Sultani!"

Bi. Mwanakheri akafungua mlango kiasi cha kupitisha pua. "Shikamoo, Bwana wangu. Umelowa."

"Najua nimelowa!"

"Nilidhani hawajakuambia."

"Toka, mwanamke! Utoke na wote waliomo!"

"Ndani mna mzazi, Bwana wangu, na kitoto kichanga. Mvua hii itakiua."

"Mbiu haikutaja vitoto."

"Mbiu ipi, Bwana wangu? Masikio yangu yamejaa moshi wa bagia. Nikumbushe."

Sultani akaisema mbiu yote, meno yakigongana.

"Kwa hiyo nyumba hii ni yako?"

"Yangu!"

"Tangu lini?"

"Tangu tone la kwanza!"

"Si yangu hata kidogo?"

"Hata kizingiti!"

"Hata kama nimeijenga kwa mikono yangu?"

"Hata ungeijenga kwa meno!"

"Waziri, umesikia?"

"Hata viziwi wamesikia," akasema Waziri, maji yakimmwagikia kutoka kwenye sinia.

Bi. Mwanakheri akashusha pumzi. "Afadhali, jamani. Nilikuwa naona haya. Tangu tone la kwanza tumo nyumbani mwa mtu, tumekaa, tumejifunika, na mwenyeji wetu hatujamtia machoni. Salha! Mwenye nyumba kafika! Bwana wangu, sisi wageni wako."

Wapiga ngoma wakainamisha vichwa ndani ya ngoma zao. Ngoma zikacheka.

"Wageni gani?" Sultani akang'aka. "Nani kawaalika?"

"Mvua ile ile iliyokuleta wewe. Na kwetu sisi watu wadogo, mgeni hatolewi mvuani hata akiwa mwizi. Huko kwa masultani sijui."

"Mgeni siku mbili! Siku ya tatu mpe jembe!"

"Kweli, Bwana wangu. Njoo nalo kesho kutwa."

Waziri akamsogelea Sultani sikioni. "Bwana, msafara mzima unasikia. Ukimtupa mgeni wako mvuani na kichanga mkononi, huko tuendako nani atatukaribisha, hata siku ya jua?"

Radi ikapiga. Sultani akaruka, akatua juu ya mguu wa Waziri.

"Haya! Wabaki! Wabaki hao wageni! Mimi naingia."

"Kwako, Bwana wangu, nani akuzuie? Ila ukumbi wote umejaa mikeka yetu sisi wageni wanawake, na wewe mwenyeji unajua adabu. Na chumba ni hicho kimoja, mna mzazi. Mwanamume haingii kwa mzazi asiye mkewe."

"Ala! Basi mimi mwenye nyumba, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikae wapi?"

Bi. Mwanakheri akaingiza mkono nyuma ya mlango, akatoa ngazi, akamkabidhi.

"Juu, Bwana wangu. Paa lako limeanza kuvuja upande wa jikoni, na wageni wananung'unika."