Kovu Nililoliita Baiskeli

Mficha kovu hana cheti. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu akimwambia Atu anayekwenda usaili kesho, mkacheka. Methali hii ilianza hivi, na ujinga ulioianzisha ni wangu.

Nilikuwa mpasua mbao kiwandani, huko Mafinga, pamoja na rafiki yangu Chaula. Shule niliishia darasa la tano. Siku moja nilivua kinga ya msumeno ili kazi iende haraka. Ubao ukaruka, ukanipasua mkono huu, tazameni. Mama Ng'umbi, aliyekuwa mtunza stoo, ndiye aliyenifunga kidonda. Tangu hapo nikaweka sheria kwenye mashine yetu: msumeno hauwashwi mpaka kila mtu ainue mikono, niione yote. Miaka sita hakuumia mtu.

Ikatangazwa nafasi ya msimamizi, nikaitwa kwenye usaili. Mezani alikaa Mama Ng'umbi, sasa mkuu wa wafanyakazi, na bwana mmoja wa makao makuu aliyevaa tai. Ile tai ndiyo iliyonimaliza.

“Lupyana,” mama akaanza, “tueleze siku uliyokosea kazini, na ulifanya nini baadaye.”

“Sijawahi kukosea, mama.”

Yule bwana akaandika. Mama akanitazama mkono.

“Na hilo kovu?”

“Baiskeli, mama. Niliteleza.”

“Fikiri vizuri, mwanangu. Hatuna haraka.”

“Ni baiskeli.”

Akainamisha kichwa. Kazi akapewa mtu wa kutoka mbali. Nikamfuata Mama Ng'umbi kulalamika kwamba nimenyimwa kwa kukosa shule.

“Shule gani?” akasema. “Wenzako walileta vyeti vya karatasi. Chako kiko mkononi, nilikifunga mimi mwenyewe, nawe unakiita baiskeli! Mficha kovu hana cheti, Lupyana.”

Msimamizi mpya akaona kuinua mikono ni kupoteza muda, akaifuta sheria yangu. Nikarudi kwenye msumeno. Ningeiteteaje bila kulitaja kovu? Mwezi wake wa pili kazini, msumeno ukawashwa mkono wa Chaula ukiwa bado mezani. Vidole viwili vikaenda.

Chaula hajanilaumu hata siku moja. Tukikutana hunipa mkono ule ule, nami huushika nikitazama chini.

Kwa hiyo kesho, Atu, wakikuuliza ulikosea wapi, waambie. Mficha kovu hana cheti.