Jogoo Mwekundu wa Tusekile

Nawaletea kesi, nanyi mtanipa hukumu, maana mimi imenishinda. Nina sharti moja tu: asitokee mtu akaniambia "tuliombee jambo hili". Limeshaombewa, na mtasikia yaliyotokea lilipoombewa.

Huko Rungwe, kwenye migomba na mvua isiyojua kunyamaza, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bibi Subilaga alikuwa na macho: alijua nani amelia na nani hajala kabla hajasalimiwa. Mwanawe Gwakisa, fundi seremala, alikuwa na mikono: nusu ya milango ya kijiji kile ameitengeneza yeye, ingawa chumba chake mwenyewe kilikuwa na pazia. Na jirani yao Bupe, mjane, alikuwa na mdomo. Huyo sina haja ya kumweleza, kila mtaa una wake.

Katikati yao alikuwa Tusekile, mke wa Gwakisa, ambaye watu walimwita Mama Lusajo. Yeye kipaji chake kilikuwa kukubali. Alifundisha shule ya Jumapili. Alisimamia jiko la akina mama wa ushirika wa kanisa, kwa hiyo harusi ni yeye, msiba ni yeye, mgeni wa mchungaji ni yeye. Nyumbani kulikuwa na watoto, chai ya kuchuma na mbuzi. Ukimuuliza hali, anakujibu, "Bwana ananitia nguvu." Sawa, lakini sijasikia popote kwamba Bwana alimtuma kupika kila ubwabwa wa kijiji.

Basi Alhamisi moja, siku ya jumuiya, ikafika zamu yake ya kuongoza maombi. Akapiga magoti, akainamisha uso kwenye kiti, akasema, "Ee Baba," akanyamaza. Wenzake wakanyamaza naye. Mzee mmoja akanong'ona, "Roho ameshuka." Mama mmoja akaanza kutokwa na machozi. Wakakaa hivyo mpaka magoti yakawauma, ndipo Tusekile akakoroma.

Ungedhani watu wenye akili wangemfunika kanga wakaenda zao. Thubutu. Walikata shauri kwamba Mama Lusajo anashambuliwa na adui, na dawa ni kwenda kumwombea kwake kila Alhamisi. Wakaja, sebule ikajaa hadi barazani. Na kule kwao mgeni haondoki na kinywa kikavu, kwa hiyo mwenye kuombewa akainuka, akawasha moto, akachemsha chai, akapika ndizi. Walimwombea apate pumziko huku yeye yuko nyuma anaosha vikombe. Wiki iliyofuata wakaja tena, na wageni wao.

Bibi Subilaga alikuwa amekuja kuwaona wajukuu. Akaona mkwewe akiingia chooni anakawia mno. Wengine walidhani ni tumbo. Bibi akatazama vizuri, akagundua kwamba pale nyumbani choo ndicho chumba pekee chenye mlango na komeo. Siku moja akamngoja nje.

"Mwanangu, humo unafanya nini?"

"Nakaa, mama."

"Unakaa tu?"

"Humo hakuna anayeniita." Kisha akalia. "Jana nimewachapa watoto kwa sababu wamecheka. Nikifungua Biblia naona herufi. Nikilala mchana najiona namwibia Mungu."

Bibi hakutaja adui. "Hujalogwa, wala hujamkosea Mungu," akasema. "Umechoka. Mungu mwenyewe alipumzika, wewe ni nani?" Akaenda moja kwa moja karakana kwa mwanawe. "Mkeo anajificha chooni ili apumue. Na wewe ni seremala."

Gwakisa alianza kwa kubisha, kama kawaida ya wanaume. Mbona hajaniambia, mbona anacheka na watu. Halafu akarudi nyumbani, akasimama mbele ya lile pazia kama vile hajawahi kuliona. Akachukua mbao alizoweka kwa kazi ya mteja, akatengeneza mlango, akautia komeo kwa ndani. "Alhamisi ni yako," akamwambia mkewe. "Ingia, funga, lala." Na Alhamisi akafunga karakana, akashika mwiko. Wanaume wenzake walikuja dirishani kumcheka na kumwita Mama Gwakisa, naye akaendelea kumenya ndizi. Najua kuna mama hapo nyuma amenuna: mtu asifiwe kwa kuwalisha watoto aliowazaa mwenyewe? Nimekusikia, mama. Hukumu bado.

Lakini mlango wa mbao hauwezi kuizuia jumuiya. Walikuja na vitabu vyao vya nyimbo, wakamkuta Bupe, jirani ambaye habari haimpiti, amekalia kigoda pale langoni.

"Mama Lusajo yupo?"

"Yupo, amelala."

"Tumekuja kumwombea apumzike."

"Ndicho anachofanya. Maombi yenu yamejibiwa, rudini."

"Dada Bupe, unazuia kazi ya Mungu."

"Kwani mkiomba mkiwa makwenu Mungu hawasikii?"

Wakaondoka, na Jumapili wakamtoa Bupe kwenye kwaya aliyoimbia tangu usichana wake. Alhamisi iliyofuata, Bupe alikuwa tena juu ya kigoda chake.

Hivyo Tusekile akalala. Alhamisi baada ya Alhamisi alilala kama mtoto. Akaanza kucheka na wanawe, na Biblia ikarudi kuwa maneno. Akataka kumshukuru Mungu, na hapo ndipo alipoharibu.

Alikwenda kanisani na majogoo wawili. Mweupe akamtoa madhabahuni. Kisha akamwinua mwekundu, akasema, "Na huyu ni wa mtu aliyeniinua." Mchungaji akasema, "Aliyetajwa asimame apokee." Wakasimama watatu.

"Nisingeona mimi, angekuwa chooni mpaka leo," akasema Bibi.

"Macho hayapiki, mama," akasema Gwakisa. "Mimi nimechekwa na kijiji kizima."

"Na huo mlango wako wangeugonga hadi ung'oke," akasema Bupe. "Nyie wawili bado mna pa kukaa kanisani. Mimi nimenyimwa kwaya."

Bibi akasema kama ni hivyo anarudi kwake, watafute macho mengine. Gwakisa akakumbuka kwamba ana wateja siku za Alhamisi. Bupe akasema kigoda ni chake na anakibeba. Tusekile akawatazama mmoja mmoja na kuiona Alhamisi yake ikiondoka na yeyote atakayenuna. "Nilidhani nikifika hapa mbele Mungu atanionyesha," akasema kwa sauti ndogo.

Msiniambie jogoo achinjwe wagawane. Pale kwao jogoo wa shukrani hutolewa mzima, akiwa hai, kwa mtu mmoja. Wala msiniambie apewe Mungu, wake alishapata.

Mchungaji akainua mikono. "Ndugu zangu, haya si mambo ya kumaliza hapa. Twendeni sote nyumbani kwa Mama Lusajo, tukaombe, tukaamue." Kanisa zima likasema amina.

Tusekile hakusema hapana. Alimkumbatia jogoo wake, akaanza kuwaza vikombe vya kuazima.

Sasa wako njiani, na wanaimba. Aliyeona, aliyetengeneza mlango akashika mwiko, na aliyekaa langoni: ni nani apewe jogoo, na hao wawili wengine waambiwe nini ili Alhamisi ibaki? Je, wewe ungeamua vipi? Amua upesi, nakusihi, maana kigoda cha langoni kiko kitupu, na Tusekile ametangulia mbio kwenda kubandika chai.